Hedhi ilikata miaka mitano iliyopita, mbona jasho bado linanitesa?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tanga, nalifupisha kidogo: "Dokta, nina miaka 56, nauza vitenge sokoni, hedhi ilikata nikiwa na 51. Napata joto la ghafla linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka usoni, moyo unadunda, jasho linanichuruzika mbele ya wateja. Usiku naamka mara tatu nne nabadilisha khanga. Natumia dawa ya presha. Mwaka huu nimeshakunywa mseto zaidi ya mara moja nikijua ni malaria. Mume wangu sasa analala sebuleni. Shoga yangu aliniambia haya huisha ndani ya mwaka, mbona mimi bado? Na homoni nasikia zinaleta kansa, ni kweli?"

Dada yangu pole sana, na umefanya vizuri kuandika yote hayo maana kila ulichotaja kina kazi yake kwenye jibu hili.

Nianze na hilo la mwaka mmoja. Shoga yako amekuambia yaliyomkuta yeye, na wapo kweli wanaopita miezi michache tu wakapumua, wapo hata ambao hawakuguswa kabisa, lakini sio kipimo cha kila mwanamke. Kuna utafiti mkubwa ulianza Marekani mwaka 1996 ukawafuata wanawake wa asili tofauti kwa miaka mingi, na majibu yaliyotoka 2015 yakaonyesha kwamba kati ya wale wanaopata haya majoto mara kwa mara, nusu yao walikaa nayo zaidi ya miaka 7, na wanawake weusi ndio walioteseka muda mrefu kuliko wote, kama miaka 10 hivi. Na hiyo hesabu inaanza siku joto lilipoanza, ambalo kwa wengi linaanza hata hedhi haijakata, ile imeanza tu kuruka ruka. Kwahiyo wewe na miaka yako mitano upo ndani kabisa ya kawaida, hujarogwa na wala mwili wako haujaharibika.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi, kazi yake mojawapo ni kulinda joto la mwili lisipande wala kushuka. Wakati ovari zinafanya kazi, homoni ya estrojeni inaituliza ile sehemu, inavumilia mabadiliko madogo bila kufanya chochote. Estrojeni ikishuka uvumilivu unaisha, inakuwa kama mlinzi wa getini ambaye hajalala siku tatu, paka akipita tu anapiga filimbi. Joto limepanda kidogo sana, labda umekunywa chai, labda umejifunika, labda umekasirika, ubongo unaona hatari, unafungua mishipa ya damu ya ngozi ili joto litoke, ndio maana unawaka kifuani na usoni, moyo unakimbia, jasho linafuata, na baada ya dakika chache unabaki umelowa na unasikia baridi. Mara nyingi inachukua dakika moja mpaka tano. Ni kitu halisi kinachotokea mwilini, usikubali mtu akuambie unajiendekeza au ni mawazo.

Sasa hili la mseto, hapa naomba unisikilize vizuri maana naliona kila wiki na linaniumiza. Mama anatoka jasho usiku, asubuhi amechoka kwa sababu hajalala, kichwa kizito, anaenda duka la dawa anasema nina malaria, anapewa mseto, anakunywa siku tatu, na kwa bahati katika siku hizo joto likapungua lenyewe basi anaamini dawa imefanya kazi, wiki mbili mbele anarudi. Malaria haitibiwi kwa kubahatisha dada yangu, kipimo chake cha haraka kipo mpaka zahanati za vijijini, kidole kinatobolewa na majibu unapata ndani ya nusu saa. Alafu nunua kipimajoto ukiweke karibu na kitanda. Likija lile joto, jipime. La menopozi, yaani la kukoma hedhi, unajisikia unaungua lakini kipimajoto hakikuonyeshi homa, kwa sababu joto lipo kwenye ngozi, ndani uko kawaida. Ukikuta nyuzi 38 au zaidi hiyo ni homa, na homa haisababishwi na kukoma hedhi hata siku moja, hapo unaenda kupima.

Na upande wa pili wa hilohilo: umri usije ukafanywa jalala la kila ugonjwa. Jasho la usiku kwetu huku ni lazima mtu afikirie kifua kikuu. Kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, umepungua mwili bila kujua sababu, jioni unapata kahoma kadogo, au nyumbani kuna mtu anatibiwa TB, nenda kapime makohozi, usisubiri. Kipimo cha VVU nacho kipime kama hujapima muda mrefu, najua kwa mama wa miaka 56 aliyeolewa inaonekana kama matusi kuambiwa hivyo lakini ni kipimo tu kama vingine. Ukiona mikono inatetemeka, unakula vizuri lakini unakonda, moyo unakimbia mchana kutwa na joto lipo muda wote haliji na kuondoka, basi ni tezi ya shingo ya kuangalia, yaani thairoidi. Matezi yaliyovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, hayo pia usiyaache. Na wenzako wenye sukari wanaotumia insulini au vile vidonge vya glibenklamidi, jasho la baridi pamoja na njaa kali na kutetemeka linaweza kuwa sukari imeshuka, anatakiwa kupima au kunywa kitu chenye sukari palepale.

Umesema unatumia dawa ya presha, hukuitaja jina. Angalia kwenye boksi. Kama ni amlodipini au nifedipini, na kwa hapa kwetu kuna uwezekano mkubwa ni mojawapo, hizo zenyewe zinatanua mishipa ya damu na kuna watu zinawaletea kuwaka uso na wekundu wa ghafla, wengine miguu kuvimba. Fikiria umeanza lini ile dawa au lini waliiongeza dozi, na majoto yalizidi lini. Kama tarehe zinakaribiana mwambie daktari wako wa kliniki ya presha, zipo dawa nyingine anaweza kukubadilishia. Ila tafadhali usiiache mwenyewe, presha ikipanda kiharusi hakibishi hodi. Hata dawa kadhaa za sonona zinaongeza jasho, na tamoksifeni wanayopewa waliotibiwa saratani ya matiti inaleta majoto hasa.

Kitu kingine watu wanapoteza hela, kipimo cha homoni. Kwa mwanamke aliyevuka 45, hedhi imekata miezi 12 mfululizo na ana dalili kama zako, hakuna haja ya kupima homoni ili kujua kama ni menopozi, inajulikana tayari. Hiyo hela pima thairoidi, sukari na wingi wa damu, vitatusaidia zaidi.

Haya, tuje kwenye maisha ya kila siku. Tanga, Dar, Mombasa, Zanzibar, pwani yote hii tuna shida moja ya ziada, unyevu hewani. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, sasa kipindi cha kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi hewa yenyewe imelowa, jasho halikauki, linachuruzika tu na mwili haupoi. Ndio maana feni inasaidia kuliko watu wanavyodhani, haileti baridi lakini inaondoa ile hewa iliyolowa juu ya ngozi. Iweke ikupulizie kuanzia miguuni kupanda juu, na kama umeme umekatika khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ukajipangusa nayo shingoni na mikononi, inafanya kazi nzuri. Kitandani godoro la sponji linahifadhi joto mgongoni, tandika mkeka mwembamba au shuka nene la pamba juu yake, na weka khanga mbili kavu karibu ili usiku usilazimike kuwasha taa na kufungua kabati, ukiamka sana na kuhangaika usingizi haurudi.

Kwenye nguo, hapa kuna mtego. Madera mengi ya sasa na mabaibui mengi ni poliesta, yanang'aa na hayakunjamani lakini hayanywi jasho kabisa. Vaa pamba, khanga halisi ya pamba ni nguo bora kuliko zote kwa hali hii, na wewe unauza vitenge unajua kushika kitambaa ukakijua. Kama unavaa baibui tafuta la kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na ndani vaa kagauni ka pamba badala ya nguo mbili tatu. Wigi na nywele za kushonea zinafunika kichwa ambapo joto linatakiwa kutoka, punguza hasa kipindi cha joto.

Chakula na vinywaji, kila mtu na chake. Wengi wanachokozwa na chai ya moto sana, kahawa, pilipili, pombe, na kukaa mbele ya jiko la mkaa. Sikuambii uache vyote, maana utaishi kwa huzuni bure. Chukua daftari, wiki mbili andika kila joto linapokuja saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, ulikula nini, umekunywa dawa gani. Wapo watakaoona kumbe ni chai ya tangawizi ya saa kumi, ukiipooza au ukinywa ya vuguvugu mambo yanapungua. Nikuambie ukweli, hizi mbinu za kupoza mwili na kukwepa vichokozi hazijathibitishwa kisayansi kama dawa zilivyothibitishwa, zinasaidia mtu kukaa kwa raha lakini haziondoi tatizo. Kilichoonyesha matokeo ni kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa, na kuacha sigara.

Ngozi iangalie pia. Chini ya matiti, kwapani, kwenye kinena, jasho likikaa linaleta fangasi, ngozi inawasha na kutoa weupe au wekundu. Oga, kausha vizuri kabla hujavaa, na ikishaanza tumia krimu ya fangasi, sio ya kuchanganywa na steroidi zile wanazouza kila kona. Kwa kwapa kuna zile deodoranti za kuzuia jasho zenye aluminiamu, siri yake ni kupaka usiku ngozi ikiwa kavu kabisa, ukipaka asubuhi unatoka jasho linaisukuma nje hata haijafanya kazi.

Sasa swali lako kubwa, homoni na kansa.

Hofu hii ina historia. Mwaka 2002 utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliokuwa na wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu waliokunywa estrojeni pamoja na homoni ya pili ya kundi la projesteroni walianza kuonekana na saratani ya matiti zaidi kidogo. Habari ikaenda dunia nzima, wanawake wakatupa vidonge, madaktari wakaacha kuandika. Kilichopotea njiani ni ukubwa wenyewe wa hatari. Ilikuwa kama wagonjwa 8 zaidi katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Na wale wanawake wastani wa umri ulikuwa 63, wengi hedhi ilikata zamani sana. Waliokuwa wametolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake saratani ya matiti haikuongezeka. Kwahiyo jibu langu ni hivi: hatari ipo, ni ndogo, inategemea aina ya homoni, unatumia muda gani na umeanza lini. Kwa mwanamke ambaye hajafika 60, au hedhi imekata chini ya miaka 10, hana kizuizi na majoto yanamharibia maisha, faida kwa kawaida ni kubwa kuliko hatari. Wewe uko humo. Na hakuna dawa nyingine inayoshinda homoni kwa majoto, inapunguza idadi yake kwa kama robo tatu, usingizi unarudi na mifupa inalindwa.

Vizuizi vyenyewe ni hivi na ni lazima daktari akuulize kimoja kimoja: kama umewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, mshtuko wa moyo, ugonjwa mkubwa wa ini, au unatokwa damu ukeni na sababu haijajulikana. Presha sio kizuizi ikiwa imedhibitiwa, ila kwa mwenye presha napenda zaidi ile ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi, kwa sababu estrojeni ya kumeza inapitia kwenye ini na inaongeza uwezekano wa damu kuganda. Na kama kizazi chako bado kipo, usikubali estrojeni peke yake, lazima iende na projesteroni, bila hivyo ukuta wa kizazi unakua na unaweza kugeuka saratani. Haipatikani kila duka, mara nyingi utahitaji hospitali ya rufaa au famasi kubwa na bei sio ndogo, uliza kabla hujaanza kama utaweza kuiendeleza.

Halafu nisisitize hili, vidonge vya uzazi wa mpango sio tiba hii. Nimekutana na akina mama wamepewa vile na muuza duka kwa maelezo kwamba "ni homoni hizohizo". Sio hizohizo, estrojeni ya mle ina nguvu nyingi zaidi, na kwa mama wa miaka 56 mwenye presha unatafuta kiharusi.

Kama hutaki homoni au huruhusiwi, bado hujakwama. Dawa kadhaa zinazotumika kwa sonona, kwa dozi ndogo, zinapunguza majoto kwa wasio na sonona kabisa, paroksetini na venlafaksini ndio zinajulikana zaidi, ila venlafaksini inaweza kupandisha presha kwahiyo kwako itahitaji kufuatiliwa, na paroksetini asipewe anayetumia tamoksifeni maana inaipunguzia nguvu. Ukipewa usishtuke ukasema dokta kaniona chizi. Gabapentini inaleta usingizi, kwahiyo anayeteswa usiku zaidi anaweza kuinywa wakati wa kulala akapata faida mbili. Ipo na dawa mpya, fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani 2023, hiyo inaenda moja kwa moja kwenye zile seli za ubongo zinazopiga filimbi, haina homoni, ila ini linatakiwa kupimwa kabla na wakati wa matumizi na kwa mama wa kawaida huku kwetu bado ni ndoto kwa sasa.

Tiba ya mazungumzo nayo inafanya kazi, ile ya kubadili fikra na tabia. Angalia unavyowaza joto likija ukiwa sokoni, "wote wananiangalia, wanajua naumwa", hapo hofu inaingia, mwili unazidi kuwaka. Ukijizoesha kusema hili litapita dakika tatu, ukalegeza mabega, ukaendelea kupima kitambaa, usumbufu unapungua sana hata kama idadi ya majoto haijabadilika.

Mitishamba na virutubisho, najua umeshauziwa au utauziwa. Soya ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni, baadhi ya tafiti zimeona nafuu ndogo na nyingine hazikuona kitu, kunywa uji wa soya kama chakula hakuna shida. Lakini hizi chupa za "kurudisha homoni", "kusafisha kizazi", "kurudisha hedhi" za laki na kitu achana nazo. Shuhuda ziko nyingi kwa sababu majoto yana tabia ya kupungua mtu akiamini anatibiwa, hata kwenye tafiti waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata nafuu kubwa kabisa. Na kitu kinachorudisha hedhi kwa mwanamke wa miaka 56 sio habari njema, ni hatari. Damu yoyote ukeni baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, hata rangi ya kahawia tu, unaenda hospitali wiki hiyohiyo kuangaliwa kizazi na mlango wa kizazi.

Mume wako. Sidhani amekuchoka, nadhani haelewi na wewe hujamwambia, kwetu mambo ya hedhi mwanamke anakufa nayo moyoni. Kaa naye mchana, sio usiku wakati wote mna usingizi na hasira, mwambie kinachotokea ni nini, kwamba hakiambukizi, hujabadilika moyo, na joto likikujia hapo unahitaji nafasi na feni kwa dakika tano tu. Kama kuna ukavu na maumivu wakati wa tendo, na mara nyingi vinaambatana, mwambie pia, kilainishi cha maji kinauzwa famasi na krimu ya estrojeni ya ukeni ipo, dozi yake ni ndogo na sehemu kubwa inabaki palepale. Wanaume wengi wakieleweshwa wanakuwa wa kwanza kushika hicho kitambaa chenye maji.

Siku ya kliniki beba daftari lako la wiki mbili, maboksi ya dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba, na sema wazi kwamba shida iliyokuleta ni majoto na usingizi, usiitaje mwishoni ukiwa umeshasimama mlangoni. Kama aliye mbele yako atasema ni umri tu vumilia, muombe akuandikie rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.